Masika ya Mnyama wa Jasi

*Morogoro, mwaka 1330. Wadachi wanauandika 1912*

Mfungo Sita, tarehe 4

Mchwa wamekula daftari langu la mwaka jana. Wamebakiza jalada na majina ya mbegu. Kurasa za ugonjwa wa mke wangu Mwaisha, na za maziko yake, zimekwenda zote. Hili jipya nitalitundika kwenye kamba.

Leo treni ya pwani imeleta masanduku mawili ya Bwana Daktari. Huyu ni Mdachi anayepima miamba ya ulanga huku milimani, yale mawe yanayong'aa na kuchanika kama karatasi. Amepanga nyumba ya mawe juu ya mto Morogoro, na mimi humfundisha Kiswahili kila asubuhi na kutunza vitabu vyake. Masanduku yamejaa majani makavu, na ndani ya majani mna mifupa.

Tarehe 6

Mifupa imeunganishwa kwa fito za chuma, imesimama mezani barazani. Kutoka pua hadi ncha ya mkia mnyama huyu angejaza kitanda changu. Mgongo mrefu unaopindika, miguu mifupi, vidole vimetanuka, fuvu bapa, kinywa wazi, meno madogo makali.

Alois, mpishi, mtu wa misheni ya juu, alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Mwalimu, shikamoo. Hivi Bwana amekula nyama yote huko kwao, sisi katuletea mifupa tuchemshe supu?"

Bwana Daktari akasema si mfupa, ni jasi. "Gusa, Mwalimu. Lakini kwa mkono mkavu. Jasi haipendi maji." Nikagusa. Baridi, nyepesi, unga mweupe ukabaki kidoleni. Mifupa ya kweli imo Ulaya, ndani ya kabati la kioo, imekwisha geuka jiwe. Wameichukulia kalibu, umbo tupu la kumiminia, wakamimina jasi. Mnyama mwenyewe hayupo tena duniani, wala hakuna mtu aliyewahi kumwona akitembea.

Nilimuuliza kama ni jamaa ya nguva, kwa sababu utotoni Pangani niliwahi kuona nguva amelazwa mchangani, na mikono yake kama ya mtu aliyevaa glavu. Akasema hapana, nguva ni wa ukoo wa tembo. Huyu aliishi mitoni na maziwani. Binamu zake walishuka hadi baharini, miguu yao ikageuka makasia, na hata leo wapo kwenye bahari za barafu; Wadachi huwaita mbwa wa bahari.

"Nao hawakurudi?"

"Wapi?"

"Mtoni."

Akacheka, si kwa ubaya. "Hakuna anayerudi, Mwalimu."

Mimi nilifanya kinyume chao. Nilitoka baharini nikapanda hadi mtoni, tangu Wadachi walipoipiga Pangani kwa mizinga. Chini ya taya ya mnyama pana alama ya kidole gumba, ambayo aliyemimina aliiacha jasi ikiwa bado laini. Bwana Daktari hupenda kuweka kidole chake hapo anapofikiri.

Tarehe 9

Kilele cha Bondwa kiko wazi. Hakuna wingu.

Tarehe 12

Maulidi. Tulisoma vizuri, ingawa sauti yangu haipandi tena. Nje alinisubiri mlamu wangu Maneno, kaka yake Mwaisha, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao. Tulipanda pamoja polepole.

Huku ardhi na watoto ni vya ukoo wa mama. Nyumba ninayolala ni ya ukoo wa Mwaisha. Binti yangu Asha ni wa ukoo wa Mwaisha. Mimi nilikuwa mume, na mume aliyefiwa ni kama mgeni aliyebaki uani baada ya karamu kwisha. Hawajanifukuza, wala hawajaniambia nikae. Mwaka ukitimia wataondoa tanga, kisha ukoo utakaa kunizungumzia.

Nilimwambia ninachotaka. Si nyumba, si shamba. "Nataka kulala kando yake."

Akasimama. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi haraka ya nini?"

"Makaburi yenu hayapokei mgeni, mlamu. Nataka kujua mapema."

Alitazama mlima. "Tutakaa baada ya mavuno," akasema. "Mvua inyeshe kwanza."

Tarehe 15

Bondwa wazi.

Tarehe 20

Watu wamepanda mahindi katika vumbi wakitegemea mawingu ya wiki ijayo. Hufanya hivyo kila mwaka. Mawingu ya wiki ijayo ndiyo haya tunayoyangoja.

Tarehe 24

Asha kaja na unga. Ana macho ya mama yake na ulimi wake pia.

"Baba, shikamoo. Eti kwa Bwana Mifupa mna fisi maji aliyetundikwa kwa vyuma?"

"Marahaba. Si fisi maji. Ni jasi."

"Jasi ina meno?"

Nikamweleza. Alisikiliza kama anavyosikiliza watu wazima wanapomsimulia habari za majini na mashetani. Juu mlimani, chini ya maporomoko ya maji, kuna bwawa dogo ambapo ukoo wao hutambikia mvua. Fisi maji wa bwawa hilo hawauawi. Mwaisha aliwahi kunipeleka tulipokuwa vijana. Tulimwona mmoja amelala chali majini anatafuna kaa, akatutazama kama mwenye nyumba. Sasa inasemwa kuwa Mdachi amemuua mkubwa wao, kamkausha, kampitisha chuma mgongoni, kinywa kimeachwa wazi kwa kiu. Ndiyo maana mvua imekataa.

"Nani anasema?"

"Baba, wote."

Nitamleta Maneno aone kwa macho yake. Ni mtu mwenye akili. Akigusa jasi atawaeleza wengine.

Tarehe 26

Nimekosea sana.

Bwana Daktari alikuwa machimboni. Maneno aliingia barazani, akavua kofia, akakaa chini mbele ya mnyama kama akaavyo mtu matangani. Mimi nikaanza kueleza: kalibu, kabati la kioo, Ulaya. Nikakwangua ubavu kwa kisu kidogo, nikamwonyesha unga.

"Umeona? Si mfupa. Si yeye. Ni mfano wake tu, tena mfano wa mnyama mwingine asiye wa huku."

"Nimeona," akasema. "Mlamu, unamkumbuka mjomba wetu Mosi?"

Namkumbuka. Alichukuliwa kubeba mizigo ya askari wakati wa vita vya Maji Maji, upande wa Mahenge.

"Tulingoja misimu miwili. Hatukujua kama amekufa. Tulijua harudi, na hilo latosha. Kila siku anakuja kwa mtu ndotoni: leo kwa dada yangu, kesho kwangu, anadai mahali pa kulala. Tukakata mgomba, tukauvika sanda, tukauzika kwa jina lake. Wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo."

"Mgomba ule ulikuwa Mosi?"

"Hapana."

"Lakini alinyamaza. Basi usiniambie ni mfano, mlamu, kana kwamba mimi sijui mfano. Mfano ndio unaozikwa mwenyewe asipopatikana. Huyu wameufanya mfano wake, halafu hawakumzika. Wamemsimamisha mezani."

Vitabu vyangu vyote vina hoja za kumjibu mtu anayedhani jasi ni mfupa. Havina ya kumjibu mtu anayejua kuwa ni jasi.

Alois alipita na kitambaa. "Mzee Maneno, ukimchukua mchukue na vumbi lake. Mimi nimechoka kumpangusa."

Maneno hakucheka. Alikuwa akitazama miguu ya mnyama. "Vidole vile vile," akasema.

Mfungo Saba, tarehe 2

Mahindi yaliyoota yamekauka. Wamepanda tena. Bondwa wazi.

Tarehe 5

Mtoni wanawake wanachimba mchanga kupata maji. Waliponiona walinipisha kwa heshima, wote kwa pamoja, kama apishwavyo mwenye ndui. Mtu wa Turiani aliyepita na mchele anasema kwao kumenyesha. Heri asingesema.

Tarehe 9

Nilimwomba Bwana Daktari aniazime mnyama kwa siku chache. Nilimweleza yote, kwa adabu na kwa ukamilifu, kama ninavyomweleza sarufi. Alisikiliza vizuri. Ni mtu wa kusikiliza.

"Mwalimu, hata wewe?"

"Mimi najua ni jasi, Bwana. Naomba kwa ajili ya amani."

"Nitampeleka shuleni watoto wamwone. Hazikwi." Akaweka kidole gumba chini ya taya. "Ardhini kuna maji. Halitabaki hata jino."

Tarehe 11

Maneno kaja na ndizi. Ndizi ni chache mwaka huu, kwa hiyo nilijua amekuja kwa jambo. Alizungumza taratibu, bila kitisho, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mvua isiponyesha hatuvuni. Tusipovuna hakuna cha kupika, tanga halitaondoka. Tanga lisipoondoka ukoo haukai. Usipokaa, neno lako sina pa kulisemea. Sikukatazi, mlamu. Nakueleza tu njia ilivyo."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ukitufungulia mlango ule, nani atasema wewe ni mgeni?"

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Nimekwenda kaburini kwa Mwaisha. Udongo umepasuka, ufa mmoja unaanzia upande wake na kuja kwenye nafasi tupu iliyo kushoto, ambapo kuna majani ya mbigili tu. Nafasi ni nyembamba. Mimi pia nimekonda.

Tarehe 13

Bondwa wazi.

Tarehe 15

Bwana Daktari kaenda Dar es Salaam kwa Pasaka ya Wakristo. Hajatoka kituoni vizuri, Alois kaja kwangu amevaa shati safi.

"Mwalimu, nishikie nyumba hadi Jumatatu. Mke wangu Cecilia ananisuta, eti mwaka wa pili sionekani kanisani Ijumaa Kuu. Bwana kasema nisitoke. Lakini Bwana haendi motoni kwa ajili yangu."

"Nenda," nikasema.

"Wewe ni baba yangu." Akaniwekea funguo kiganjani, akapanda mlima akipiga mluzi.

Tarehe 17, Ijumaa

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Walikuja mchana kweupe, kabla ya sala ya Ijumaa. Wakristo wote walikuwa juu misheni wanamlilia maiti wao. Niliwafungulia mwenyewe. Nilimwambia Maneno masharti yangu: kwamba mnyama awekwe ndani ya sanduku lake pamoja na majani yake; kwamba achimbiwe juu, mahali pakavu; kwamba Jumatatu asubuhi tumfukue nimrudishe mezani. Maneno alisema ndiyo kwa kila sharti. Nimeishi naye miaka yote hii, najua ndiyo yake inavyosikika akiwa na maana ya ndiyo, na inavyosikika akiwa anamtuliza mgonjwa. Niliisikia. Nikatoa komeo.

Walimshusha kutoka mezani kwa mikono minane, wakimtegemeza kichwa. Mwanamke mmoja akasema, "Mbona mwepesi hivi?" Mwenziwe akamjibu, "Ungekaa wewe bila maji tangu Mfungo Sita ungekuwa mzito?" Wakacheka kidogo, kisha wakaona haya. Sanduku walilipita bila kulitazama. Asha alikunjua bafta nyeupe, mpya. Wakamvika, wakafunga mafundo matatu, kichwani, kiunoni na miguuni. Mkia wakaukunja vizuri, kwa sababu hakuna aliyejua desturi ya mkia.

Bwawani maji yalikuwa yamebaki kama ya kujaza karai. Walichimba kwenye mchanga wa ukingo, hatua moja tu kutoka kwenye maji.

"Hapa si pakavu," nikasema.

"Leo ni pakavu," akasema Maneno.

Aliniomba nisome. Nikakataa, siwezi kuisomea jasi maneno ya Mungu. Hakukasirika. Alimwambia mnyama maneno machache kwa Kiluguru, kwamba wasamehewe, hawakuwa wao, na nyumba yake ni hii. Wakamwaga mchanga. Nilisikia mbavu zikivunjika chini ya bafta, sauti ndogo, kama mtu anayetafuna biskuti. Hakuna mwingine aliyejali sauti ile. Asha alikuwa analia. Hakulia hivyo siku ya mama yake. Siku ile alikuwa na wageni wa kupikia.

Niliwahi sala. Sijui nilisali nini.

Tarehe 18

Alasiri Bondwa ukafunikwa. Jua lilipozama mvua ikaanza.

Tarehe 19

Mvua.

Tarehe 20, Jumatatu

Mvua. Nilitoka na jembe kwenda bwawani. Mto umejaa, haupitiki. Nilisimama ng'ambo na jembe langu. Wanaume walionipita walinishika mkono mmoja mmoja. Alois karudi kutoka misheni amelowa chapachapa, kaona meza tupu, kaniuliza. Nikamwambia nitamrudisha mnyama kabla Bwana hajafika. Alinitazama, kisha akatazama mvua.

"Mwalimu, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Hutaulizwa. Nitakuwa nimeshamrudisha."

Tarehe 23

Mvua. Mlangoni kwangu nakuta vitu: mkungu wa ndizi, kuku, kibuyu cha asali. Wanawake mtoni wananiita baba. Mmoja kapiga kigelegele nilipotoka kuchota maji. Nilikuwa nikitamani jambo kama hili tangu nilipofika katika mlima huu. Sasa nachungulia dirishani kwanza, ndipo nitoke.

Njia ya reli imekatika mbele ya Kingolwira. Treni haziji. Namwomba Mungu zisije.

Tarehe 26

Mvua ilipumzika tangu alfajiri. Nilipita mtoni kwa kamba, Maneno akinishika kiuno. Ukingo wa bwawa umemegwa nusu, lakini mahali penyewe pamebaki. Tulichimba kwa mikono. Tukapata fito za chuma, zikiwa zimeshika kutu tayari. Tukapata bafta, na ndani ya bafta uji mweupe. Nilipata kipande cha taya. Nilipokiinua kikagawanyika kama kitumbua kilichochovywa kwenye chai. Niliipekua ile taya nikitafuta alama ya kidole. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikiipata hiyo, hiyo moja tu, nitakuwa na kitu cha kumrudishia.

Maneno alikuwa anacheka kwa furaha, machozi yanamtoka.

"Amekwenda! Mlamu, umeona? Sanda ipo, vyuma vipo, mwenyewe hayupo. Mfupa gani huyeyuka kwa siku chache? Amekwenda majini!"

Nikamwambia jasi haipendi maji. Aliniwekea mkono begani, kwa huruma, kama mimi ndiye nisiyeelewa. Nimempenda mtu huyu kama ndugu. Leo nilimchukia kwa furaha yake, na sikuweza kumwambia kuwa amekosea, maana mabondeni kote mahindi yamechipua.

Mfungo Nane, tarehe 1

Treni imefika. Bwana Daktari kashuka.

Tarehe 2

Askari wamemchukua Alois. Alipigwa kiboko bomani mbele ya watu, kisha akatiwa kwenye mnyororo pamoja na wanaochimba mifereji ya barabara. Walimuuliza kamwachia nani nyumba. Akasema hakumwachia mtu. Walimuuliza tena kwa kiboko, akasema hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nyumbani. Niliambiwa na wapitao.

Tarehe 3

Cecilia alikuja akasimama uani kwenye tope. Hakuingia, hakuamkia. Mwanamke huyu hajawahi kunipita bila shikamoo.

"Mwalimu, mume wangu alimwachia nani nyumba?"

"Mimi."

"Namjua aliyemwachia. Nilitaka tu nisikie unavyolisema." Akajifunga kanga upya. "Anasema mzee kama wewe kiboko kitakuua. Anasema tumwache Mungu. Mimi sijasema hivyo."

Baada yake alikuja Maneno, anajua nitakakokwenda.

"Alois ataachiwa," akasema. "Wanaachiwa wote. Wewe ukienda pale watauliza wenzako ni nani, na ukisema, wote waliokuwa bwawani watatiwa mnyororo. Asha pia."

"Sitasema wenzangu."

"Basi usiende. Ukoo unakaa wiki hii, mlamu. Hatungoji mavuno. Wote wamekubali nafasi yako."

Wiki hii. Ni neno nililolingoja mwaka mzima, nami nimelipata siku ambayo siwezi kulishika. Sikulala, lakini si kwa kufikiri. Hakukuwa na cha kufikiri. Nilikuwa nasikiliza mvua.

Tarehe 4

Nilikwenda bomani asubuhi, nimevaa kanzu safi. Mdachi wa boma alikaa, Bwana Daktari alisimama dirishani.

Nikasema mimi ndiye niliyeshika funguo, mimi niliyemtoa mnyama, mimi niliyemtupa mtoni.

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna."

"Mzee mwenye mgongo kama huo?"

"Ni mwepesi. Ni jasi."

Bwana Daktari akageuka. Aliniuliza kwa Kiswahili nilichomfundisha, bila kosa hata moja. "Kwa nini, Mwalimu?"

"Nilitaka mvua."

Hakuamini. Mtu wa vitabu hawezi kutaka mvua kwa njia ile. Nilitaka kumwambia habari ya nafasi nyembamba iliyo kushoto kwa Mwaisha, lakini kuitaja ni kuwataja wenye makaburi.

"Aliyemimina jasi ile ni ndugu yangu," akasema. "Amefariki. Kwa ile mifupa ya kweli ningeweza kumimina mingine kesho. Kile kidole siwezi." Akatoka nje. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Mdachi wa boma akaniuliza kwetu ni wapi.

"Hapa."

"Kwenu. Ulikozaliwa."

"Pangani."

"Basi utarudi Pangani. Mlima huu hutauona tena. Ukionekana, utatiwa mnyororo, na ukoo unaokulaza utatozwa faini."

Nilipigwa mizinga nikatolewa Pangani. Sasa natolewa huku nirudishwe Pangani, na wanaonitoa ni wale wale. Huko hakuna anayenijua. Nyumba yetu ilikuwa imekwisha kuwa magofu ningali barabarani.

Tarehe 6

Alois kaachiwa. Tulikutana darajani. Anatembea kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimguse mgongoni. Nilimwita. Alipita. Hakugeuka, hakuniamkia, wala hakunitukana.

Tarehe 9

Mvua. Nimempa Asha vitabu vyangu. Hasomi. Anasema ataviweka juu, mbali na mchwa.

Tarehe 12, kituoni, kisha njiani

Maneno na Asha walinisindikiza. Askari aliturudisha nyuma ya mstari, kisha akajifanya anatazama injini.

Asha alikuwa amevaa kaniki. Nikamuuliza nani amekufa. Akafunika uso.

Maneno akasema, "Tulikaa juzi. Nafasi yako ipo, kushoto kwake, tumekwisha ing'oa mbigili."

"Na mimi sipo."

"Hutarudi?"

"Wamesema hapana."

"Hilo latosha," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya siku ya mnyama, taratibu, isiyo na kitisho. "Hatutaki uje ndotoni kwa mtoto huyu kila siku unadai mahali. Tutakuzika leo. Wenzetu wanachimba sasa hivi."

Nikauliza swali la kipumbavu, swali la mwalimu. "Mgomba gani?"

"Ule wa nyuma ya jiko lako. Alioupanda Mwaisha mwenyewe."

"Mafundo mangapi?"

"Matatu, baba," akasema Asha. "Kama watu."

Nilitaka kumwambia Maneno kwamba mimi si mfano, niko hapa, naona, nasikia injini. Lakini nilikumbuka nilivyokwangua ule ubavu kwa kisu kidogo nikidhani namfundisha kitu. Nikampa mkono. Asha akaupigia magoti ule mkono wangu, akaushika muda mrefu, kama wafanyavyo wanaoaga maiti.

Sasa tuko Kingolwira. Treni imesimama, maji yamepita juu ya reli, watu wanazibua. Kutoka hapa mlima bado unaonekana, lakini Bondwa umefunikwa wote. Huko kunanyesha. Kama mvua imewaruhusu, saa hii wanaushusha mgomba kaburini. Maneno amekamata upande wa kichwa. Nani atakuwa amesoma dua, sijui. Mwalimu wao ni mimi.

Mgomba una maji mengi. Huoza upesi. Utakuwa umekwisha kabla ya masika mengine, na mimi nitakuwa Pangani, bado hai.